Barua ya wazi kwa wamiliki wa Caterham: jina hili si stika

Kwa Wakurugenzi wa VT Holdings, Japani,
na Uongozi wa Caterham Cars, Dartford, Kent, Uingereza.

Ndugu wakurugenzi,

Salamu kwenu nyote. Nina ombi moja, nalitanguliza ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho alipate hapa juu. Caterham ikiingia mbioni, iingie na gari lilelile ambalo mteja analinunua Dartford, analifunga kwa mikono yake na kulipeleka uwanjani. Lisiwe tena jina la kubandikwa kwenye gari la mbio lisilohusiana na Seven, gari lenu dogo la spoti, hata kwa nati moja.

Nawaandikia ninyi kwa sababu Tony Fernandes, aliyewauzia kampuni hii mwaka 2021, alikuwa mwenye timu ya Formula 1 siku alipoinunua. Tena Bwana Kazuho Takahashi wa VT Holdings si mtu wa vitabu vya hesabu tu. Ameshika usukani mwenyewe katika daraja la GT300 la mbio za Super GT huko Japani. Kwa hiyo mwenye mali ni mpenda mbio kwa mara nyingine. Sioni kosa katika hilo. Asiyependa mbio angeinunua Caterham aifanyie nini? Lakini mapenzi hayohayo ndiyo yaliyolitumbukiza jina la kampuni hii kwenye matatizo mwaka 2014, na sijaona mahali ambapo mmiliki yeyote ameeleza wazi ni funzo gani limepatikana.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kazi yangu ni ufundi mitambo, na makazi yangu sasa ni Kent. Wikendi za mbio najitolea kushika bendera kando ya njia ya Brands Hatch, mwendo mfupi kwa gari kutoka kiwandani kwenu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wako wasomaji wengi wa lugha hii, Nairobi, Dar es Salaam hata Muscat, wanaofuatilia mbio za magari kila wiki lakini hawasimuliwi yanayotokea kwenye viwanda vidogo vilivyo nyuma ya mbio hizo. Tafsiri nitaituma kwenye ofisi zenu zote mbili.

Kwa wasomaji hao, niseme kwa kifupi tunazungumzia gari gani. Seven ni gari la spoti la viti viwili ambalo Colin Chapman wa Lotus alilitoa mwaka 1957. Fremu yake ni ya mabomba ya chuma yaliyolehemewa, juu yake mabati ya alumini, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na paa ni turubai la kufunika mvua ikizidi. Toleo jepesi mlilolitoa mwaka 2021, Seven 170, lina uzito wa kilo 440. Vitz iliyoegeshwa nje ya duka lolote Dar es Salaam ina karibu mara mbili ya uzito huo au zaidi. Injini yake ni ya Suzuki, ya sisi 660, na kwa sababu gari ni jepesi mno, injini hiyo ndogo inatosha kumpa dereva raha ambayo gari la tani moja na nusu haliwezi kumpa hata likiwekewa injini mara nne ya hiyo.

Chapman naye alikuwa mwenye timu ya mbio. Aliuza magari ya barabarani ili apate fedha za kwenda mbioni. Wanunuzi wengi waliichukua Seven ikiwa vipande, kwa kuwa sheria ya kodi ya Uingereza ya wakati ule haikutoza kodi ya manunuzi kwa gari ambalo mteja analifunga mwenyewe. VAT ilipoanza mwaka 1973 nafuu hiyo ikaisha, na Lotus, iliyokuwa inataka kupanda kwenye magari ya bei kubwa, ikaachana na Seven.

Aliyeliokoa gari hili alikuwa muuza magari. Graham Nearn alikuwa na biashara yake katika mji wa Caterham, Surrey, na alikuwa wakala wa Lotus kwa miaka mingi. Alichukua haki za kuunda Seven mwaka huohuo wa 1973. Mwanzoni aliendelea na toleo la nne, lenye bodi ya faibaglasi ambayo Lotus waliidhani ni ya kisasa zaidi. Mwaka 1974 akaliacha, akarudi kwenye toleo la tatu la mabati ya alumini, kwa sababu ndilo wateja walilolitaka. Alijua hilo kwa kuwa alikuwa anasimama nao dukani kila siku. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya kampuni yenu, na ulifanywa na mtu aliyesikiliza wanunuzi kabla ya kusikiliza matamanio yake.

Familia yake ilikaa na kampuni hadi 2005. Kiwanda kilikuwa kimehamia Dartford tangu 1987. Baada ya Nearn wakaja wawekezaji wa Corven Ventures, na baada yao, Fernandes.

Hapa niruhusuni nitulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Fernandes, mfanyabiashara wa Malaysia aliyeijenga AirAsia, alipewa nafasi ya kuingia Formula 1 mnamo Septemba 2009. Kwa miezi michache tu, timu yake ikaunda gari huko Hingham, Norfolk, na msimu wa 2010 ikaanza mbio kwa jina la Lotus. Kwa ufundi, kazi ile ilikuwa ya kuheshimika sana. Kisha ukazuka ugomvi. Group Lotus, waundaji wa magari ya barabarani, waliokuwa chini ya Proton, nayo ya Malaysia, walidai jina ni lao, wakaenda kuidhamini timu ya Renault. Msimu wa 2011 ukaanza kukiwa na timu mbili zenye jina la Lotus, zikishindana uwanjani na mahakamani.

Tarehe 27 Aprili 2011, kesi ikiwa bado haijaamuliwa na Mahakama Kuu ya London, Fernandes akatangaza kwamba ameinunua Caterham. Mwezi mmoja baadaye hukumu ikatoka, akaruhusiwa kuendelea kuiita timu yake Team Lotus. Hata hivyo msimu ulipoisha majina yakabadilishwa: Renault ikawa Lotus, na timu ya Fernandes ikawa Caterham.

Ukizipanga tarehe hizo unaona kitu. Kiwanda kidogo cha Kent kilinunuliwa wakati mwenye timu hana uhakika kama jina lililoko kwenye gari lake atabaki nalo. Sisemi kwamba alinunua jina tu. Yaliyo moyoni mwake ayajuaye ni yeye, na baadaye aliendelea kukimiliki kiwanda hiki kwa miaka mingi baada ya kuiachia timu. Mtu aliyetaka jina pekee asingefanya hivyo. Ninachokisema ni kile kilichoonekana na kila mtu: jina likakua haraka kuliko kiwanda.

Kati ya 2011 na 2014 jina la Caterham lilipakwa kwenye gari la Formula 1, kwenye timu ya GP2, daraja lililo chini ya Formula 1, kwenye pikipiki za Moto2, kwenye kampuni ya teknolojia na ubunifu, kwenye kampuni ya vipuri vya nyuzi za kaboni, na hata kwenye mpango wa pikipiki na baiskeli za umeme. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu alishika sita.

Formula 1 ikawa misimu mitatu, 2012, 2013 na 2014, bila pointi hata moja. Mafanikio makubwa kabisa yalikuwa nafasi ya 11 ya Vitaly Petrov katika mbio za mwisho za 2012 huko Brazil, iliyoifikisha timu nafasi ya kumi kwenye msimamo wa watengenezaji, nafasi yenye fedha za zawadi. Julai 2014 timu ikauzwa kwa kundi la wawekezaji walioelezwa kuwa wa Uswisi na Mashariki ya Kati. Oktoba ikawa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mbio za Marekani na za Brazil haikwenda. Wasimamizi wakachangisha kwa umma mtandaoni, mashabiki wakatoa fedha zao, na magari mawili yakafika Abu Dhabi mwezi Novemba yakiendeshwa na Kamui Kobayashi na Will Stevens. Baada ya hapo vifaa vikaenda mnadani. Wafanyakazi zaidi ya 200 wa Leafield, Oxfordshire, walikosa kazi, na wengi wao walikuwa mafundi ambao hawakuwahi kuulizwa lolote kuhusu nani anunue nini.

Dartford hawakufunga milango. Kiwanda cha Seven kilikuwa kampuni nyingine kisheria, na ukuta huo ndio uliokiokoa. Lakini mtu aliyesikia redioni kwamba Caterham imefilisika angejuaje kwamba Caterham ile si hii? Mteja anayetaka kulipa amana ya gari lake, muuzaji wa vipuri anayetakiwa kutoa mali kwa mkopo, benki inayofikiria kuongeza mkopo: wote hawa huanza na jina. Kiwanda hakikukosea chochote, lakini kilijikuta kinajieleza.

Linaloniuma kuliko pointi za Formula 1 ni lile la Dieppe. Novemba 2012 Renault na Caterham walitangaza ubia wa nusu kwa nusu katika kiwanda cha Dieppe, Ufaransa. Kutoka kwenye msingi mmoja yangezaliwa magari mawili, moja la Alpine, chapa ya Renault, na jingine la Caterham. Ilikuwa nafasi ambayo kiwanda kidogo huipata mara moja: maabara za Renault, wauzaji wa vipuri wa Renault, mashine za kupimia usalama za Renault. Juni 2014 Renault ikachukua hisa zote. Alpine A110 ikaonyeshwa Geneva Machi 2017, na madereva waliolijaribu wakalisifu hasa kwa wepesi wake. Gari la Caterham halikuzaliwa. Wepesi ndio uliokuwa ujuzi wa Dartford tangu zamani, na gari lililousambaza kwa watu wengi likavaa nembo ya wengine.

Sitaki kumdhulumu Fernandes. Chini yake Dartford walitoa Seven 160, ya injini ndogo ya Suzuki, iliyouzwa kuanzia pauni 14,995 kwa anayeifunga mwenyewe. Hilo ndilo gari lililomrudisha mtu wa kipato cha kawaida kwenye foleni ya wateja, na kwa upana na injini yake liliingia hata kwenye daraja la magari ya kei huko kwenu Japani. Wakatoa pia 620R yenye nguvu farasi 310, gari la kumtisha mtu mzima. Yote mawili yalitokana na watu wanaoijua Seven kukaa mezani na kufikiria Seven. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji gari la Formula 1 ili liwepo.

Wako watakaoniambia kwamba mwenye timu ya mbio na kiwanda kidogo hawapatani kamwe. Sikubali. Nendeni Garforth, karibu na Leeds. Ginetta, kiwanda kidogo cha magari ya spoti cha huko, ilianzishwa na ndugu wa ukoo wa Walklett huko Suffolk mwaka 1958, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2005 ikanunuliwa na Lawrence Tomlinson, mwenye timu ya Team LNT. Mwaka uliofuata, 2006, Tomlinson na wenzake walishinda daraja la GT2 katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari la Panoz. Alikuwa na kila sababu ya kulewa ushindi. Lakini alichoijengea Ginetta ni mashindano ya vijana wa miaka 14 hadi 17, wote kwenye magari ya Ginetta yanayofanana, yakisindikiza mbio kubwa za magari ya kawaida Uingereza. Lando Norris alikimbia humo mwaka 2014, akamaliza wa tatu. Kiwanda kinauza gari, gari linakimbia, mzazi wa kijana mwingine analiona, kiwanda kinauza jingine. Ginetta nao walijaribu daraja la juu kabisa la Le Mans na gari la LMP1, wala sitajifanya kwamba jaribio lile lilikwenda vizuri. Walipoanguka huko, walikuwa na kitu cha kuangukia.

Nanyi mnacho. Kinaitwa Academy.

Najua mnakijua, lakini sina hakika kama wakurugenzi wote mmewahi kukitazama kutoka mahali ninaposimama mimi. Academy ilianza mwaka 1995. Anayekubaliwa ni yule tu ambaye hajawahi kushindana. Ananunua gari lake, wengi wanalipokea kwenye maboksi na kulifunga wenyewe gereji, anafanya mtihani wa leseni ya mbio, kisha anaingia msimu na watu wengine wapya kama yeye, magari yakiwa sawasawa kwa injini, matairi na uzito. Zaidi ya watu 1,000 wameanzia humo. Baadaye wanapanda madaraja kwa kuongeza vifaa kwenye gari lilelile walilolifunga.

Kutoka kwenye kituo cha bendera unaona mambo ambayo hayaonekani kwenye ripoti ya mauzo. Unamwona daktari wa meno na fundi bomba wakilala chini ya gari moja wakisaidiana kukaza bolti, dakika kumi kabla ya kuitwa, ingawa watashindana kwenye mbio hizohizo. Unamwona mtu amekuja na gari lake barabarani, lina namba za usajili, anatoa begi la nguo kwenye kiti cha abiria na kuvaa helmeti. Kwenye kona ya Paddock Hill, ambako njia inateremka ghafla kama mtu amekosa ngazi, unawaona wanaingia watatu sambamba na kutoka watatu sambamba, kwa sababu magari yanafanana na aliyefunga breki sekunde nusu mapema ndiye anayepitwa. Na wakipinda bomba la mbele, wanajua kulitoa na kuweka jingine, maana waliliweka wao.

Huo ndio ushindi wa Caterham mbioni, na hautegemei pointi za mtu. Timu ya Formula 1 ya watu mia kadhaa haikuweza kuuza Seven kama msimu mmoja wa Academy unavyoiuza, maana hakuna aliyekwenda Dartford kutafuta CT05, gari la Formula 1 la 2014.

Basi ombi langu la kwanza lina sehemu ya fedha. Bei ya kuingia Academy imekuwa ikipanda, na wanaokuja wanazidi kuwa watu wenye uwezo mkubwa. Mkiwa na fungu la kutangaza jina kupitia mbio, lipelekeni hapa. Punguzeni gharama ya msimu wa kwanza. Toeni nafasi chache kwa wanafunzi wa ufundi wa vyuo vya Kent, wapate gari la kulifunga na kulikimbiza kwa zamu. Mtapata madereva, na zaidi ya hapo mtapata mafundi wa kiwanda chenu cha kesho.

La pili ni vipuri na injini. Hatari kubwa kwa kiwanda kidogo haitoki kwa washindani. Hutoka kwa kiwanda kikubwa kinachoamua kuacha kuunda injini. Rover ilipoanguka Aprili 2005, injini ya K, iliyokuwa moyo wa Seven kwa zaidi ya miaka kumi, ikaisha nayo, na Caterham wakahamia Ford Sigma. Kisha Ford wakafunga kiwanda cha Bridgend, Wales, mwaka 2020, hatari ileile ikarudi. Ninyi ni kampuni ya kuuza magari yenye mtandao mkubwa Japani, na mmeshakuwa wakala wa Caterham kabla ya kuinunua. Nguvu yenu ya kukaa mezani na watengenezaji wa injini wa Japani ni jambo ambalo Nearn hakuwa nalo, na Fernandes hakulitumia ipasavyo nje ya Suzuki. Waambieni wateja wazi: ni injini gani, kwa miaka mingapi, na akiba ya vipuri vya injini za zamani iko wapi. Mwenye Seven ya mwaka 1995 anahesabika kuwa mteja wenu pia.

La tatu ni umeme, na hapa nitasema kwa uangalifu kwa sababu siupingi. Mwaka 2023 mlionyesha magari mawili. EV Seven ilikuwa Seven yenye betri, uzito chini ya kilo 700, iliyopangwa ikimbie uwanjani dakika 20, ichajiwe dakika 15, kisha ikimbie dakika 20 tena. Nililipenda wazo lile kwa sababu lilianza na swali la mtumiaji: siku ya uwanjani inakwendaje? Project V, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la magari la Goodwood, ni kitu kingine: gari lenye paa, la umeme, lililokusudiwa kuwa na kilo 1,190 na bei ya chini kidogo ya pauni 80,000. Ni zuri kulitazama. Lakini ni karibu mara tatu ya uzito wa Seven 170, nalo linaingia soko lenye makampuni ambayo yana fedha za kupoteza kwa miaka kumi mfululizo.

Caterham mliwahi kupita njia hiyo. Katika miaka ya 1990 gari la Caterham 21 lilichukua ufundi wa Seven na kuuvika bodi kamili. Mwaka 1996 Lotus wakatoa gari lao jepesi la Elise, na 21 likaisha bila kufikisha magari 50. Sikusudii kusema msijaribu. Nasema msiliwekee rehani lile linalowalisha. Kama Project V litaundwa, liundwe na kampuni yake, kwa mtaji wake, na Seven isidaiwe senti likikwama. Ukuta uleule uliokiokoa kiwanda mwaka 2014 ujengwe mapema safari hii, ujengwe kwa makusudi. Muda mnao: Aprili 2025 serikali ya Uingereza ilisema waundaji wadogo hawatabanwa na tarehe ya 2030 ya kuacha magari mapya ya petroli kama wanavyobanwa wakubwa. Nafasi hiyo isitumiwe kukimbilia maonyesho. Itumiwe kuifikisha EV Seven mahali ambapo mtu anaweza kuifunga gereji kwake kwa usalama, pamoja na betri yake, kazi ngumu ambayo hakuna mkubwa atakayewafanyia kwa sababu hakuna mkubwa anayeuza gari kwenye maboksi.

Na kufunga mwenyewe kubaki. Nimesikia mara kadhaa watu wa biashara wakisema kwamba utaratibu huo ni usumbufu: simu nyingi, maswali mengi, ukaguzi wa gari mojamoja kabla ya kusajiliwa. Ni kweli ni kazi. Lakini kodi iliyouzaa utaratibu huo ilikufa mwaka 1973, na watu wanaendelea kununua maboksi hadi leo. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya nafuu ya fedha peke yake. Wanataka kulijua gari lao. Kiwanda kipya cha Dartford kimewapa nafasi ya kuunda magari mengi zaidi kwa mwaka. Pangeni humo pia meza za kuwafundisha wanaofunga wenyewe, wikendi, kwa ada ndogo. Mimi nitakuwa wa kwanza kujitolea kusimama hapo na spana.

Nimeacha la mwisho kwa sababu najua ni gumu kumwambia mwenye mali. Ipo siku mtaiuza. Kila aliyeimiliki kampuni hii ameiuza, na Nearn mwenyewe aliipata kwa sababu Lotus waliiachia. Siku hiyo mnunuzi mwenye timu ya mbio atakuja tena, huenda na fedha nyingi na ahadi nzuri. Naomba mweke masharti kwenye mkataba wa mauzo: jina la Caterham lisitenganishwe na haki za kuunda Seven, timu yoyote itakayotumia jina hilo iwe na hesabu zake na madeni yake, akiba ya vipuri na michoro ya fremu ibaki Uingereza, mahali ambapo wenye magari wanaweza kuifikia hata kampuni ikifa. TVR ya Blackpool, kiwanda kingine kidogo cha magari ya spoti, haikuwa na kinga kama hiyo ilipouzwa mwaka 2004. Miaka miwili baadaye kiwanda kilisimama, na waliobaki na magari wakawa wanatafutana wao kwa wao. Nearn aliposaini mwaka 1973 alipata haki, vifaa na gari kwa pamoja, ndiyo maana aliweza kurudi kwenye toleo la tatu bila kumwomba mtu ruhusa. Anayekuja baada yenu apate uhuru huohuo, na wajibu huohuo.

Nawaomba mjibu hadharani, iwe mmekubali au mmekataa, kabla hamjafungua maombi ya msimu ujao wa Academy. Wapo watu hapa Kent wanaoweka akiba kidogokidogo kila mwezi kwa ajili ya nafasi hiyo, na kabla hawajalipa amana wana haki ya kujua gari watakalolifunga litakuwa na vipuri kwa miaka mingapi.

Wenu katika mbio,
Mshika bendera, Brands Hatch